Alto ya Mbuzi wa Kamba

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umekaa juu ya Dongobesh tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa alasiri bado haujaamua kuondoka. Nimevaa sweta mbili, yangu na ya Baba Fausta. Ya kwake mikono inanizidi, kwa hiyo naandika huku naikunja.

Sijaandika hapa wiki tatu. Fausta, binti yangu aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu, alinipigia jana kuuliza kama nimesahau neno la siri. Sijasahau. Sikuwa na la kusema ambalo halingeishia kwenye kulia.

Leo ninalo, ingawa sijui litaishia wapi.

Kesho unatimia mwaka tangu mume wangu, Baba Fausta, afariki. Kutakuwa na ibada ya kumbukumbu, na kwaya itaimba kazi yake kubwa yote, sehemu nne, pamoja na ile ya mwisho aliyoiandika akiwa kitandani, ambayo haijawahi kuimbwa mbele ya watu. Kabla ya kengele ya kwanza natakiwa nimjibu mwalimu wa kwaya swali moja. Alto, ile sauti ya chini ya akina mama, iimbwe kama Baba Fausta alivyoiandika, au kama yeye mwalimu alivyoirekebisha?

Swali dogo. Limeninyima chakula cha mchana.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana hata mimi nahitaji kuliona lote kwa pamoja.

Nilikutana na Baba Fausta kule Balangdalalu. Alikuwa amepangiwa shule ya msingi ya kule, kazi yake ya kwanza, na mimi nilikuwa binti wa mkulima niliyemaliza la saba na kubaki nyumbani. Niliimba alto kwenye kanisa letu la udongo. Nilikuwa na koo pana. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu koo lile halipo tena, na mtu anaweza kulisifu kama anavyomsifu marehemu.

Wenzake waliwaandikia wachumba barua. Yeye aliniletea nota. Alizipiga mistari kwa rula kwenye daftari kubwa, akaandika do re mi zake kwa herufi ndogo ndogo, sauti nne, na chini yake matarumbeta. Aliniambia anatunga simfonia. Alilisikia neno hilo kwenye redio chuoni, na muziki wenyewe aliusikia mara moja tu, ukakatika betri zilipoisha. Nikamuuliza simfonia ni nini. Akasema ni wimbo mrefu usio na maneno, vyombo vinazungumza na kungojana.

Nikamwambia, "Wimbo usio na maneno, hapa Balangdalalu, nani atausikiliza?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana simfonia yake ina maneno. Nusu yake ni waimbaji, nusu ni matarumbeta.

Sehemu ya kwanza aliiandika mwaka ule wa uchumba. Alto yake inapanda na kushuka kama mbuzi asiye na mchungaji kwenye mawe ya mlimani. Iliandikwa kwa koo langu, na koo langu liliifikia yote.

Kisha tukaoana, tukahamia huku Dongobesh, na Fausta alipokuwa darasa la pili shingo yangu ikavimba. Wanawake wengi wa huku wanaujua uvimbe huo. Wangu ulifika mahali pa kunizuia kumeza, nikafanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza mapema kwamba sauti inaweza kubadilika. Nilikubali, nilikuwa nataka kuishi.

Nilipona. Lakini nilipofungua mdomo kuimba, ilitoka sauti kama mlango wa zizi.

Nililia kwa siri wiki nzima, kwenye shamba la vitunguu swaumu, mahali ambapo macho mekundu hayaulizwi. Baba Fausta hakunipa pole. Jioni moja alichukua kigoda, akakaa karibu yangu nikichambua maharage, daftari gotini. Akasema, "Imba chochote." Nikaimba. Sauti ilipokatika, akaandika kitu. Akasema, "Tena." Ikakatika pale pale. Akaandika tena.

Zilikuwa zimebaki noti tano. Kuanzia la ya chini hadi mi.

Tangu siku ile, alto ya nyimbo zake zote imekaa ndani ya noti hizo tano.

Hakuniambia. Nilijua nilipopewa karatasi kanisani na kukuta kwamba naweza. Niliimba sehemu ya pili yote, mlango wa zizi na yote, katikati ya akina mama, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Wao walikuwa wanalalamika kwa jambo lingine. Walisema alto ya Mwalimu imekuwa ya mbuzi wa kamba, inazunguka kigingi tu. Mama Safari, ambaye tumeimba bega kwa bega tangu nifike hapa na ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, alisema sehemu ya kwanza ni uchumba na ya pili ni ndoa, ndiyo maana ina kamba.

Nilicheka pamoja nao. Kigingi nilikuwa mimi, nikacheka.

Kisha akahamishiwa Yaeda Chini. Miaka minne alifundisha kule bondeni, mimi nikabaki huku na watoto, maana wakati wa mvua njia ile haipitiki. Sehemu ya tatu aliiandika kule, na ya pili akaipitia upya. Daftari lilisafiri kwa malori ya kubeba ng'ombe, likifika lina harufu yake. Ndani anaandika, "Jaribu hii ukichambua maharage. Ikikushinda, weka alama." Basi najaribu. Pale koo linapogoma, naweka alama ya x kwa kalamu nyekundu ya Fausta, namrudishia. Yeye anafuta noti yake ya penseli, anaandika nyingine ya chini zaidi. X yangu inabaki.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mbali miaka minne. Barua za kawaida zilikuwa chache, za sukari na ada na nani ameumwa. Zile x ndizo zilikuwa mazungumzo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sijawahi kuiandika mahali popote.

Kulikuwa na mashindano ya kwaya, Fausta akiwa sekondari. Baba Fausta alipeleka sehemu ya pili na ya tatu. Kwaya itakayoshinda ingeenda Arusha kurekodi. Hawakushinda. Sikusafiri nao, nilikuwa na malaria, lakini wanaume wa sauti ya tenor waliniambia mwamuzi alivyosema: kazi kubwa, matarumbeta yana akili, sopa za juu na besi zinasisimua, lakini alto imefungwa, haina uhai, mtunzi amewaogopa akina mama wake.

Baba Fausta alirudi, akala, akaenda kutazama ndama.

Siku ya pili nilimwambia, "Baba Fausta, iachie alto iende. Mimi nitakaa kwenye benchi, nitasikiliza." Alinitazama kama niliyemwambia auze nyumba. Akasema, "Kunywa uji wako, utapoa." Hilo ndilo lilikuwa jibu lote.

Nilisema vile nikijua atakataa.

Na kuna zaidi. Nilipoambiwa hawaendi Arusha, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Niliogopa angefika kule akasikia mabinti wenye makoo mazima wakimwimbia vitu anavyovitaka, akarudi nyumbani na kunisikia mimi. Nilifurahi, mume wangu aliposhindwa. Nimelibeba hilo miaka yote, na sasa hayupo wa kumwambia.

Kwa hiyo unaona kwa nini swali la kesho linanikaba. Watu wakija kunipa pole husema mapenzi yetu ndiyo yaliyomfanya atunge. Mimi najiuliza kama ndiyo yaliyomfunga.

Baada ya mazishi nilimpa Josefati lile daftari bila kulifungua. Josefati ndiye mwalimu wa kwaya sasa, kijana wa makamo aliyeletwa kutoka Songea kufundisha sekondari, mpole, anapiga kinanda vizuri kuliko yeyote niliyemsikia. Wiki sita zilizopita alisimama kanisani kuomba ruhusa ya familia "kuirekebisha kidogo" kazi ya marehemu kwa ajili ya kumbukumbu. Ni desturi, familia lazima itoe ruhusa mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mahali ninapokaa tangu nifiwe. Kila mtu aligeuka. Nikasema ndiyo, ili wageuke tena mbele.

Sikuuliza anarekebisha nini.

Leo asubuhi alinialika nisikilize mazoezi ya mwisho.

"Shikamoo, mama. Karibu mbele."

"Marahaba, mwalimu. Nitakaa hapa hapa."

Walianza. Matarumbeta saba, moja limefungwa mpira wa baiskeli lisivuje. Sehemu ya kwanza ilikuwa ile ile, ya uchumba. Ikaja ya pili, nikajiandaa kusikia noti zangu.

Hazikuja. Alto ilipanda. Ilipanda ikapita mahali pa kamba, ikazunguka juu karibu na sopa, ikashuka kwa ngazi ambazo sijawahi kuzisikia kwenye muziki ule. Mabinti wanne, walimu wenzake Josefati, waliibeba bila jasho.

Ilikuwa nzuri.

Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu anaweza kuumia na masikio yake yakabaki mazima.

Lakini nikaona jambo jingine. Mama Safari alifunga mdomo. Kisha mama wa pembeni yake, kisha wa tatu. Wakabaki wameshika karatasi kama watu waliokosea mkutano. Na sopa walipofika kule juu, pale ambapo siku zote ngozi ilikuwa inanisisimka, sikusikia urefu wowote. Kila sauti ilikuwa inapanda, hakuna iliyobaki chini ya kuwapimia.

Sehemu ya pili ilipokwisha, Mama Safari akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mbuzi umemkata kamba. Sasa yuko kwenye ngano ya watu."

Kanisa likacheka. Josefati naye akacheka.

"Si ninyi wenyewe mama mlikuwa mnalalamika? Mlisema mmechoka kuzunguka kigingi."

"Tulilalamika, hatukusema utuue. Mimi umri huu, hiyo noti yako ya juu nikiifuata sitarudi. Utanizika na marehemu kesho hiyo hiyo, muokoe hela ya ubani."

Walipomaliza kucheka nikasimama. Sikupanga. Nilimwuliza Josefati alijuaje mahali pa kubadilisha.

Alifurahi kuulizwa. Akaja na daftari mpaka kwenye benchi langu, akalifungua kwa heshima, kama mtu anayefungua Biblia ya mwenzake.

"Mama, sikugusa ovyo. Mzee mwenyewe aliweka alama. Ona, hapa, na hapa. Kila penye x nyekundu, na chini yake pamefutwafutwa. Mimi ni mwalimu, x naijua. Maana yake hapa pana kosa, parekebishwe. Nikasema mzee hakupata muda, acha nimmalizie."

Nikatazama zile x. Nyingine zilikuwa na alama ya vidole vya uji.

"Hizo x ni zangu," nikasema.

"Zako vipi, mama?"

Nikamweleza. Sauti yangu haifiki mbali, kwa hiyo kanisa zima lilinyamaza ili lisikie. Nilisema habari ya shingo, ya maharage, ya malori ya ng'ombe. Ya Arusha sikuisema. Josefati alikuwa anafunua kurasa huku nikiongea, polepole, kisha haraka.

"Kurasa zote hizi?"

"Kuanzia sehemu ya pili."

Akaenda kwenye kinanda, akabonyeza noti tano, moja moja, la hadi mi. Akarudi nyuma, mi hadi la. Akaacha mkono pale.

"Kumbe kigingi ulikuwa wewe, Mama Fausta," akasema Mama Safari. Alianza kama utani, ila haukuishia kama utani. Akatoa leso. "Kumbe miaka yote hii naimba koo la mwenzangu."

Mmoja wa wale mabinti wanne akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakujua, samahani mama. Nikamwambia hakuna kosa, ameimba vizuri. Na ni kweli.

Josefati alinisindikiza mpaka mlangoni. "Mama, nisamehe. Zote mbili wanazijua, ya mzee na yangu. Uamuzi ni wako. Niambie kesho kabla ya kengele ya kwanza." Akanirudishia daftari kwa mikono miwili.

Nilitembea kwenye ukungu nimelikumbatia, nikiwaza. Nikirudisha ya zamani, nitakuwa nimemfunga tena, safari hii akiwa kaburini, asiyeweza kuniambia ninywe uji. Nikiacha ya Josefati, mwamuzi yule atakuwa alisema kweli, na miaka yetu yote itakuwa makosa yaliyosahihishwa na mwalimu mwema kutoka Songea.

Nimefika nyumbani, nimewasha moto, nimekaa na daftari mezani. Na hapa ndipo nilipoamua niandike, maana kuna kitu nimekiona nusu saa iliyopita.

Nilifungua ukurasa wa mwisho kabisa. Sehemu ya nne. Mwandiko wake wa siku za mwisho, umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Alto yake ni ile ile, la, ti, do, inazunguka, inarudi. Nikaifuata kwa kidole. Mstari wa pili kutoka mwisho, kidole kikasimama.

Kuna fa.

Moja tu. Ndefu, imeshikiliwa wakati matarumbeta yote yamenyamaza. Noti ya sita.

Nilidhani mkono ulimtetemeka. Nikaitazama vizuri. Imefutwa mara moja na kuandikwa tena ile ile, kwa nguvu, penseli imeingia kwenye karatasi.

Ndipo nikakumbuka. Wiki zake za mwisho nilikuwa nachambua maharage barazani, dirisha la chumbani limefunguliwa ili apate hewa. Nilikuwa naimba ovyo, wimbo wa kumlaza mjukuu, bila kujisikia. Akaita kutoka ndani, "Rudia." Nikaingia kumwuliza anataka maji. Akatikisa kichwa. "Rudia pale juu." Nilidhani ni homa inaongea. Nikamfunika vizuri, nikarudi kwenye maharage, na ili kumridhisha nikauimba tena.

Mwaka mzima nimelihesabu neno lile kati ya maneno ya homa.

Alikuwa kazini. Alikuwa anapima, kama siku ile ya kwanza na kigoda. Koo langu lilikuwa limejirudishia noti moja, mimi nisijue, na yeye kitandani akajua.

Kwetu mtu akifunga mbuzi kwa kamba hamsahau pale. Majani yakiisha anakwenda, anang'oa kigingi, anakihamisha mbele. Nimewaza habari ya kigingi na kamba miaka yote hii, sikuwahi kuwaza habari ya yule anayekuja kuhamisha.

Sijapona lile la Arusha. Sidhani kama noti moja inaweza kulifuta, na sitaki kujidanganya hapa. Inawezekana mwamuzi alikuwa sahihi. Inawezekana pia kwamba alto iliposimama mahali pamoja, ndipo Baba Fausta alipolazimika kuwafundisha wengine wote kuruka, na hiyo sopa iliyomsisimua mwamuzi ilipanda kwa sababu mimi sikuweza. Sijui. Mimi si mtu wa muziki, mimi ni mtu wa maharage aliyeolewa na mtu wa muziki.

Ila jibu la Josefati ninalo. Kesho tutaimba alto ya Baba Fausta. Nitamwambia na hili: alto aliyoitunga yeye ni nzuri, imekosa tu wimbo wake mwenyewe, aende akautunge na aandike jina lake juu ya ukurasa. Na ningependa kuusikia.

Sitakaa nyuma. Nimeshatoa sare yangu ya kwaya sandukuni, inanukia vitunguu swaumu, nimeianika jikoni karibu na moto. Nitasimama kando ya Mama Safari. Sehemu ya kwanza nitanyamaza kama kawaida, ya pili nitaingia.

Hiyo fa nimeijaribu sasa hivi, peke yangu, mara tatu. Mara mbili imekatika. Ya tatu sina hakika, birika lilikuwa linachemka.

Tangu sehemu ya pili, kurasa za sehemu hii ya nne ndizo pekee zisizo na x hata moja, maana hazikuwahi kuletwa kwangu nijaribu. Kalamu nyekundu ipo hapa kwenye droo, bado inaandika.

Kesho nitaiacha nyumbani.